Hataza, Fundi na Jiko: Maneno ya Sheria katika Kuhamisha Ufundi wa Nishati Safi

Katika mikutano ya mataifa juu ya mabadiliko ya tabianchi pana hoja moja ambayo wajumbe wa nchi maskini wameirudia mara nyingi: kwamba ufundi wa nishati safi umefungwa na haki za wavumbuzi, na kwamba kufuli hilo likifunguliwa, mitambo ya jua na ya upepo itaenea duniani kote. Wajumbe wa nchi tajiri nao hujibu kwamba pasipo haki hizo hapana mtu atakayetoa fedha zake ili avumbue jambo. Mkataba wa mwaka 1992, katika ibara yake ya 4, uliziagiza nchi tajiri kusaidia kuhamisha ufundi huo. Mapatano ya Paris ya mwaka 2015, katika ibara ya 10, yazungumzia ufundi kwa mapana, lakini haki za wavumbuzi hayazitaji hata mara moja. Kimya hicho si cha kusahau. Ni kimya cha watu walioshindwa kuafikiana.

Mimi si mwanasheria, wala sikusudii kuamua kesi hiyo. Kazi yangu ni lugha, na katika makala haya nataka kuonyesha kwamba kwa upande wetu wa Afrika ya Mashariki sehemu kubwa ya jambo hili ni jambo la lugha: ni nini kilichoandikwa, kimeandikwa kwa lugha gani, kimeandikiwa nani, na ni nini ambacho hakiandikiki kabisa.

Yafaa tuanze na majina. Katika magazeti yetu neno hakimiliki hutumika kwa kila namna ya haki juu ya kazi ya akili, na matumizi hayo yameleta vurugu. Hakimiliki ni haki ya mtungaji juu ya kazi aliyoitunga, kama kitabu, wimbo, au programu ya kompyuta. Alama ya biashara ni haki juu ya jina au nembo inayomwambia mnunuzi kitu kimetoka kwa nani. Haki ya mvumbuzi juu ya kifaa au njia mpya ya kufanya jambo ni kitu cha tatu, na ofisi za Tanzania zimeiita hataza. Neno hilo ni geni masikioni mwa watu wengi, lakini sioni sababu ya kulikataa. Ni fupi, halina maana nyingine ya kulichanganya, na lina kadhalika faida ya kutokuwa na neno haki ndani yake. Jumla ya haki hizi zote huitwa miliki ubunifu. Mtu anayesema kwamba paneli ya umeme wa jua ina "hakimiliki" hajasema bado kama anazungumzia kioo chake, jina lake, au programu inayoiendesha, na haki hizo tatu hazifi siku moja wala hazimzuii mtu yule yule.

Neno la pili linalotaka kuangaliwa ni uhawilishaji. Siku hizi tunaandika "uhawilishaji wa teknolojia" kana kwamba neno hilo halina historia. Shina lake ni lile lile la hawala, neno tulilolipata kwa Waarabu, na wazee wetu walilijua zaidi kwa hawala ya posta. Mtu akipeleka hawala ya fedha, fedha zile zimemtoka yeye na kumfikia mwenziwe. Vivyo hivyo deni hupewa hawala, na ardhi huhawilishwa kutoka kwa mwenyeji huyu hadi yule. Maana ya ndani ni kwamba kitu kinahama mahali na kuacha pengo. Ujuzi hauhami hivyo. Fundi aliyemfundisha mwanagenzi wake hakupungukiwa na kitu mkononi, ingawa huenda amepungukiwa na wateja. Kiswahili kina neno la zamani zaidi kwa kazi hiyo, nalo ni kufunda, na ndani ya jamaa ya neno hilo tunao fundi, mwanafunzi, mafunzo na ufundi. Tofauti kati ya kuhawilisha na kufunda si ya mapambo, kama itakavyoonekana mbele.

Sasa tutazame hataza yenyewe. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994 huiweka kama namna ya mapatano kati ya mvumbuzi na dola. Mvumbuzi hupewa muda wa miaka 20, tangu siku ya kupeleka maombi yake, wa kumzuia mtu mwingine asitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake bila idhini. Naye kwa malipo ya haki hiyo hana budi kuueleza uvumbuzi huo waziwazi katika hati itakayosomwa na watu wote. Na aeleze kwa kadiri gani? Sheria husema, aeleze kiasi ambacho mtu mjuzi wa kazi ile, akiisoma hati, aweza kukitengeneza kitu chenyewe. Msomaji aone ajabu hii: sheria imemchagua msomaji wa hati, na msomaji huyo si hakimu wala profesa, bali ni fundi.

Tena, hataza haina nguvu nje ya nchi iliyoitoa. Hati ya Berlin haimzuii mtu wa Mombasa, ila kama mvumbuzi ameomba pia nchini Kenya, ama moja kwa moja, ama kwa kupitia ARIPO, shirika la nchi za Afrika lenye makao Harare, ambalo hutoa hataza kwa Itifaki ya mwaka 1982. Je, wavumbuzi wa nishati safi wameomba kwetu? Mwaka 2013 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa na Ofisi ya Hataza ya Ulaya walitoa uchunguzi wao juu ya Afrika, na ukaonyesha kwamba maombi ya hataza za nishati safi yaliyopelekwa barani Afrika hayakufika hata 1 kwa mia ya maombi yote, na mengi katika hayo machache yalikwenda Afrika ya Kusini. Kwa hiyo nyingi za hati hizo hazimzuii fundi wa Dar es Salaam kwa lolote. Zaidi ya hayo, nchi zilizo katika daraja la maendeleo duni, kama Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zimepewa ruhusa ya kutotekeleza sehemu kubwa ya mkataba wa TRIPS hadi tarehe 1 Julai 2034. (Kenya haimo katika daraja hilo. Tanzania Bara nayo ina sheria yake ya hataza ya mwaka 1987, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2008. Ruhusa ya kutofunga mlango haikuwafanya wauache wazi.)

Mfano mmoja watosha kuonyesha jinsi mlango wazi usivyotosha. Mwaka 1954 mafundi watatu wa maabara ya Bell huko Marekani, Chapin, Fuller na Pearson, walitengeneza seli ya silikoni iliyogeuza mwanga wa jua kuwa umeme kwa kiasi cha kufaa. Hataza yao, namba 2,780,765 ya Marekani, ilitolewa mwaka 1957, na kwa sheria ya wakati ule ilidumu miaka 17. Basi tangu mwaka 1974 hati ile ni ya kila mtu. Yeyote apendaye aweza kuisoma bure na kufuata maelezo yake. Nusu karne imepita, na seli zilizo juu ya mapaa yetu bado zafika kwa meli. Maneno yalikuwapo muda wote. Kilichokosekana ni tanuri, silikoni safi, fedha, na watu waliokwisha kushika kazi ile kwa mikono.

Lakini nisieleweke kwamba kufuli hilo ni la kuwaziwa tu. Penye soko kubwa huuma kweli, na mara nyingine kinachouma si hataza bali siri. Kampuni ya Sinovel ya China ilikuwa ikinunua mitambo ya kuongozea vinu vya upepo kutoka AMSC ya Marekani. Mwaka 2011 ilikataa mizigo, na ikadhihirika kwamba mtumishi mmoja wa AMSC nchini Austria alikuwa ameuza programu ya kuongozea mitambo hiyo. Mtumishi huyo alihukumiwa huko mwaka ule ule, na mwaka 2018 baraza la mahakama la Madison, Wisconsin, liliitia Sinovel hatiani kwa wizi wa siri za biashara. Yafaa tuzingatie: kama jambo lenye thamani lingekuwa limeandikwa lote katika hataza, pasingekuwa na haja ya kumhonga mtu. Kampuni nyingine ya China, Goldwind, ilifuata njia ndefu. Katika miaka ya 1990 ilichukua leseni kwa kampuni ya Jacobs ya Ujerumani, baadaye kwa REpower, kisha ikabuni pamoja na Vensys, na mwaka 2008 ikanunua 70 kwa mia ya Vensys yenyewe. Leseni kwake ilikuwa shule, si ruhusa ya kunakili tu.

Nakuja sasa kwenye kifaa ambacho msomaji anacho, au mama yake alikuwa nacho: jiko la makaa lenye udongo ndani. Neno jiko lenyewe lina mengi. Wingi wake wa asili ni meko, nao hutukumbusha mafiga matatu na mahali pa moto. Lakini kitu kinachouzwa sokoni watu huita majiko, na wingi huo mpya umetenga bidhaa na mahali. Mwanamume akioa husemwa amepata jiko, wala hapana aliyewahi kusema amepata jiko akakusudia lile la bati.

Jiko la bati tupu, yasimuliwa, lilikuja na mafundi wa Kihindi waliojenga reli, kisha likaigwa na kila fundi wa bati. Mwaka 1981 mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati jadidifu ulifanyika Nairobi, na katika miaka iliyofuata mradi wa serikali ya Kenya, uliolipiwa na fedha za msaada wa Marekani, ulitafuta jiko lisilokula makaa mengi. Kielelezo kililetwa kutoka Thailand: ndoo ya bati iliyojazwa udongo wa kuchoma mpaka chini. Hakikufaa kama kilivyokuwa. Kilikuwa kizito, na udongo ulipasuka. Mafundi walikibana kiunoni, udongo ukakaa nusu ya juu tu, na nusu ya chini ikaachiwa hewa na jivu. Jiko la bati tupu hupeleka kwenye sufuria takriban 10 hadi 20 kwa mia ya joto la makaa. Hili la kiuno hupeleka 25 kwa mia na zaidi.

Hakuna aliyelichukulia hataza. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walifundishwa, nao wakafundisha wengine, na wasiofundishwa walinunua moja, wakalivunja, wakatazama. Bei ilishuka kwa kuwa wauzaji walikuwa wengi. Jiko likavuka mipaka: Tanzania likaitwa jiko bora, Ethiopia likaitwa Lakech. Huu ndio uhamishaji wa ufundi uliofanikiwa kuliko mingi ninayoijua, na ulifanyika kwa kufunda, si kwa kuhawilisha.

Ulikuwa na hasara yake. Kwa kuwa kila mtu aliruhusiwa, walitokea waliochoma udongo nusu nusu, na vikombe vyao vikapasuka baada ya muda mfupi. Mnunuzi alipolitazama jiko sokoni hakuweza kulitambua zuri na bovu. Wapo waliosema kwamba hataza ingeponya maradhi hayo. Sioni hivyo. Hataza ingepunguza watengenezaji, isingemwonyesha mnunuzi nani kachoma udongo vizuri. Haki iliyokosekana pale ni alama ya biashara, na hapo twaona ubaya wa kuziita haki zote hakimiliki: mtu hushindwa kuomba dawa kwa sababu chupa zote zina jina moja. Kadhalika tukubali kwamba jiko lilibuniwa kwa fedha za umma. Mfano wake hautufundishi nani atalipia utafiti wa kinu cha upepo. Na kwa hesabu ya leo makaa si nishati safi. Mkakati wa Tanzania wa mwaka 2024 unataka watu 80 kwa mia wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034, na jiko bora halimo katika matumaini hayo.

Hata hivyo jiko hili latufaa kwa jaribio la lugha. Tuseme mtu angetaka kuliombea hataza kwa Kiswahili. Kiini cha hati ya hataza ni madai, yaani maneno yanayoweka mpaka wa kitu kinachodaiwa, na kwa desturi kila dai ni sentensi moja, hata iwe ndefu namna gani. Nimejaribu hivi:

"Jiko la makaa lenye gamba la bati lililobanwa kiunoni, na kikombe cha udongo wa kuchoma kilichokaa katika nusu ya juu ya gamba hilo, kikiwa na matundu kitakoni, na tabaka la saruji linaloshikamanisha kikombe hicho na gamba hilo, na mlango wa hewa uliokatwa katika nusu ya chini ya gamba hilo, ambao hufunguliwa na kufungwa ili kuzidisha au kupunguza moto."

Mambo mawili yaonekana. La kwanza ni la upatanisho. Mwandishi wa Kiingereza hutaja kitu mara ya kwanza kwa kibainishi cha kitu kisichojulikana, kisha kila mara hukirudia kwa kibainishi cha kitu kilichojulikana. Akikosea, hati yake hurudishwa kwa kuwa haijulikani kinachorejelewa. Kiswahili hakina vibainishi vya namna hiyo, na wako wanaodhani kwamba kwa hiyo hakifai kazi hii. Kinyume chake, ngeli zafanya kazi hiyo kwa urahisi. "Kikiwa na matundu" haiwezi kuwa kitu kingine ila kikombe. "Uliokatwa" ni mlango tu. Udhaifu upo pale ngeli zinapogongana: jiko, gamba na tabaka vyote ni vya ngeli moja, na "hilo" pasipo jina lake ingetuacha gizani. Ndiyo sababu nimerudia "gamba hilo" mara tatu, ingawa sikio halipendi.

La pili ni zito zaidi. Kiingereza cha hataza kina vitenzi viwili ambavyo mfasiri asiye mwangalifu atavitia vyote katika neno moja, kujumuisha. Kimoja huacha orodha wazi: kitu kina sehemu hizi, na huenda kina nyingine. Cha pili huifunga: kina hizi tu. Mshindani akiongeza mlango wa pili wa hewa, kwa neno la kwanza bado amelivunja dai. Kwa neno la pili yu huru. Kiswahili kinayo njia ya kutofautisha, "lenye" kwa orodha iliyo wazi, na "lililoundwa kwa ... tu, pasipo kingine" kwa iliyofungwa. Lakini desturi hiyo haijawekwa na mtu, na hili si jambo la mchezo. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikiruhusiwa panapohitajika kwa ajili ya haki. ARIPO hushughulikia maombi kwa Kiingereza. Basi hataza iliyoandikwa kwa lugha moja yaweza siku moja kushindaniwa kwa lugha nyingine, na mali ya mtu ikawa imening'inia katika "lenye".

Nirudi kwa fundi, yule msomaji ambaye sheria imemtaja. Hati za hataza zaidi ya milioni 100 zimewekwa wazi kwa yeyote katika hazina ya Espacenet, na za nishati safi zimetiwa alama yake, Y02, ili zipatikane upesi. Fundi wa Gerezani aweza kuzifungua kwa simu yake leo. Atazikuta kwa Kiingereza, Kijerumani, Kichina, Kijapani. Mwaka 2010 uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba nchi sita, yaani Japani, Marekani, Ujerumani, Korea, Uingereza na Ufaransa, zilikuwa na karibu 80 kwa mia ya maombi ya hataza za nishati safi. Anayezuiwa hapa hazuiwi na sheria. Amepewa haki yake katika bahasha ambayo hawezi kuisoma. Ibara ya 66 ya mkataba wa TRIPS huzitaka nchi tajiri ziyahimize makampuni yao kuhamisha ufundi kwenda nchi duni kabisa. Katika mabishano juu ya utekelezaji wake sijaona mtu aliyedai tafsiri.

Tafsiri peke yake haitoshi, na hapo Olkaria ni shahidi. Mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini huko ulianza kazi mwaka 1981 ukiwa na megawati 15. Vipuri vilinunuliwa, lakini watu walifundwa: tangu shule ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa ilipofunguliwa Reykjavik mwaka 1979, Wakenya wamekwenda kusoma huko kwa wingi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote. Leo wachimbaji wa KenGen wamechimba visima Ethiopia na Djibouti. Tulinganishe na vinu 365 vya upepo karibu na ziwa Turkana, megawati 310, vilivyosafirishwa kutoka bandari ya Mombasa kwa barabara zaidi ya kilomita 1,000. Hicho ni kinu kilichohawilishwa kwa maana kamili ya neno.

Na kufuli jipya linakuja, lisilohitaji hataza. Vifaa vya umeme wa jua vinavyolipiwa kidogo kidogo kwa simu huwa na programu inayovizima malipo yakikoma. Programu hiyo inalindwa na hakimiliki, nayo huendelea kuilinda miaka mingi baada ya kifaa chenyewe kuoza. Fundi wa mtaani aweza kubadili betri; programu haimruhusu kuingia. Hapa, kwa mara moja, wanaosema "hakimiliki" wamesema sawa.

Linabaki neno moja ambalo halijapata jina la kuridhisha. Ujuzi ambao hataza yake imekwisha muda, au haikuombwa nchini, tuuite nini? Wafasiri kadhaa huandika "mali ya umma". Lakini kwa Mtanzania mali ya umma ni gari la serikali, ghala, nguzo ya umeme. Ni kitu chenye mlinzi, na anayekigusa hushtakiwa. Kumwambia fundi kwamba seli ya mwaka 1954 ni mali ya umma ni kumwambia asiiguse. "Mali isiyo na mwenyewe" ni mbaya vile vile, kwani hunuka wizi. Mpaka mafundi wenyewe watakapoulizwa wanasemaje, mimi nitaandika ujuzi huria.